Mfuko wa Vipuri vya Zamani

"Kiondoe hapa! Nasema kiondoe, kaka Khiết, kabla sijakipiga teke!"

"Piga. Kina kilo nne. Utavunjika kidole wewe."

"Leo siku ya mia tangu Thoại afe, halafu unanifanyia mzaha?"

"Sijafanya mzaha. Nimekutajia uzito."

Aliyekuwa akipiga kelele ni Cang wa bodaboda. Alikuwa amesimama mlangoni kwa Khiết, kofia ya pikipiki ingali kichwani, amekunja ngumi kama mtu anayesubiri kushikwa ili asimpige mwenzake. Hakuna aliyemshika. Khiết naye hakuinuka kwenye kigoda chake. Alikuwa amepakata kile kifaru cha vita cha kuchezea, cha kuendeshwa kwa rimoti, kirefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Upande mmoja kijani, upande mwingine mweupe, kwa sababu ubavu wa kushoto ulikuwa umeyeyuka na yeye ameukata akautengeneza upya kwa plastiki ambayo bado hajaipaka rangi.

Kichochoro chetu ni chembamba. Pikipiki mbili zikikutana, moja inakunja kioo. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya kumi wanakwambia pole. Kwa hiyo saa moja ile asubuhi kila mtu alikuwa ameshatoka na mswaki mdomoni, na mimi, niliyekuwa nageuza mbavu za nguruwe kwenye jiko la mkaa hatua kumi tu kutoka pale, nilisikia yote.

"Kilichomuua mtu, wewe unakipaka rangi," Cang akasema. "Huna haya?"

"Hakikumuua hiki. Hiki kilikuwa mlangoni, juu ya kabati la viatu."

"Betri ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Chaja alirudishiwa na nani?"

"Na mimi," Khiết akasema, akaendelea kupiga msasa ule ubavu mweupe.

Cang aliposikia hivyo akageuka, akaja moja kwa moja kwenye meza zangu, akatoa karatasi mfukoni mwa jaketi. Nilikuwa naijua karatasi ile. Ilikuwa imezunguka kichochoro kizima wiki nzima. Ilimwomba mwenye nyumba amwondoe Khiết, yeye na mabetri yake, kabla mwezi haujaisha. Khiết, fundi wetu, alikuwa na miaka sitini na moja, na chumba kile alikipanga tangu enzi za kutengeneza redio.

"Kumi na saba wameshasaini," Cang akasema. "Umebaki wewe, dada Sáu. Mwenye nyumba atakuja leo kwenye chakula, nataka nimpe mkononi. Na jina lako ndilo lenye uzito, maana hapa hakuna asiyekula kwako."

"Mikono ina mafuta."

"Tangu juzi?"

"Mimi nauza mbavu, Cang. Lini umeiona mikavu?"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Lakini nikageukia mbavu zangu haraka, kwa sababu katika kichochoro chote kile watu wawili tu ndio waliojua jinsi chaja ile ilivyofika nyumbani kwa Thoại. Mmoja alikuwa Khiết, na Khiết hakusema. Wa pili alikuwa mimi.

Thoại aliendesha kreni bandarini miaka thelathini. Alipostaafu akanunua kifaru, na sababu yake ilikuwa moja tu: mnara wa mzinga. Aliupenda ulivyozunguka polepole, ukasita, ukarudi. "Tazama, dada Sáu," aliniambia mara ya kwanza alipokileta mezani kwangu, kati ya bakuli za mchuzi wa samaki, "kama kreni namba nne. Ile niliyoiacha."

Kila Jumapili alikwenda kwenye kiwanja cha mchanga kando ya mfereji, wanapokutana wanaume wa vifaru. Watu wazima wenye wajukuu, wanachuchumaa na rimoti wanatukanana. Cha Thoại ndicho kilichokuwa kinachekwa. Giaboksi zake zilikuwa za plastiki, meno yamelika, kikifika kwenye kichuguu kinalia kama mbu na hakipandi. Ndipo akakipeleka kwa Khiết.

"Kaka, nataka kiweze kupanda kile kichuguu mbele ya macho ya wale washenzi. Mara moja tu. Halafu hata nikifa sawa."

Alisema hivyo. Mimi nilikuwepo.

Khiết alikifungua chote. Akaweka giaboksi za chuma, akavua minyororo ya plastiki akavisha ya chuma. Kifaru kikawa kizito, na betri ya zamani ikawa haiwezi kukisukuma hata dakika kumi. Kwa hiyo akaweka betri mpya, zile nyembamba zenye nguvu, ambazo hazitaki mchezo. Hizo lazima zijazwe kwa chaja yake maalumu, inayojaza polepole na kujua kuacha. Chaja ya zamani haijui kuacha. Ukiichomeka inasukuma tu.

Alinunua chaja mpya. Akabandika kibandiko chekundu juu yake.

Sasa, fundi wa kwetu mwenye kujali jina lake haachi kitu chako kwake. Akikubadilishia bomba la pikipiki, bovu atakurudishia limefungwa gazeti, ulione kwa macho yako, usije ukasema hakubadilisha kitu. Khiết alikuwa amezidi wote kwa hilo. Skrubu iliyopata kutu, anakurudishia. Waya wa urefu wa kidole, anakurudishia. Anatia kwenye mfuko wa plastiki, anafunga fundo, na anapokukabidhi anaufungua tena na kukutajia kimoja kimoja: hiki kimelika, hiki kimeungua, hiki usikitumie tena. Mfuko wa Thoại ulikuwa na giaboksi mbili za plastiki, minyororo, betri ya zamani, na chaja zote mbili.

Siku ya kukabidhi, Jumatano, Khiết alikuwa na miadi hospitali, wampime macho. Alfajiri alisimamisha pikipiki mbele ya meza zangu, zikiwa bado tupu, bila kuzima injini.

"Dada Sáu, Thoại akija kula, mpe hiki na mfuko wake. Halafu mwambie: chaja ya zamani ni ya kutupa. Atumie yenye chekundu. Usisahau."

"Nisahau mimi?" nikasema, nikacheka, maana nani asiyejua kwamba Sáu hasahau kitu? Nani kagombana na nani, posa ya nani imerudishwa, mume wa nani kaonekana soko lipi na nani. Mimi ndiye redio ya kichochoro.

Thoại akaja saa tano. Meza zimejaa, na mimi niko katikati ya kusimulia harusi ya binti wa nyumba ya kumi na mbili. Gari la bwana harusi lilikwama mdomoni mwa kichochoro, ikabidi nguruwe wa kuokwa apakiwe kwenye pikipiki pamoja na sinia lake jekundu, na kwenye kona kichwa kikachomoka kikaanguka mferejini. Dada wa bwana harusi akakiopoa, akakiosha kwa soda, wakakirudisha haraka haraka kikiwa kimegeuzwa, ikawa nguruwe kaingia ukweni anatazama alikotoka. Thoại alicheka mpaka tambi zikamtoka puani. Alipokuja kulipa nyuma ya jiko, tukiwa wawili tu, nikampa kifaru, nikampa mfuko, huku bado naigiza uso wa mama mkwe. Alikipakata kifaru akaondoka anacheka, na mfuko unaning'inia kidoleni.

Nilimsimulia yote. Neno nililoachiwa sikumwambia.

Ilikuwa kesho yake mchana, saa ya watu kujinyoosha. Ngà, mkewe, alikuwa kwa dada yake. Thoại alitaka betri ijae. Kwenye mfuko mlikuwa na chaja mbili, akachukua ile aliyoizoea miaka miwili, akaitundika kwenye msumari wake uleule chini ya ngazi. Plagi yake ikaingia kwenye betri mpya bila shida. Betri akaiweka kwenye kidato cha mbao, kando ya pikipiki mbili, akapanda juu kulala.

Sisi tuliona moshi kwanza. Halafu tukamsikia. Roshani ya juu ilikuwa na grili dhidi ya wezi, na Thoại aliichomelea mwenyewe, na alikuwa anajua kuchomelea. Cang alipanda kwa ngazi ya jirani na mtaimbo akaisukasuka ile grili ikakataa. Ngazi za ndani hazikupitika tena. Thoại alitoa mkono mmoja nje kati ya nondo. Cang akaacha mtaimbo, akaushika ule mkono, na hakuuachia mpaka ulipoacha kumshika yeye.

Kwa hiyo Cang akipiga kelele, mimi simlaumu.

Wazima moto walipomaliza walitoa kipande cha chaja kimeganda kwenye msumari. Wakauliza fundi ni nani. Khiết akatoka mbele ya watu wote, bandeji ya hospitali ingali kwenye jicho moja, akasema: "Betri niliweka mimi. Chaja ya zamani niliirudisha mimi. Na plagi niliiacha ileile." Nilikuwa nimesimama karibu yake kiasi cha kumgusa. Nilingoja alitaje jina langu. Hakulitaja.

Kwa siku mia hakulitaja. Alikuja kula kama kawaida, meza ya mwisho, peke yake, maana wengine walihama akikaa. Kila siku nilimwongezea ubavu mmoja, na kila siku aliuacha pembeni ya sahani. Siku moja, watu walipopungua, nikainama kana kwamba nafuta meza.

"Kaka Khiết, kwa nini hukusema uliniachia mimi?"

"Ningebadilisha plagi," akasema, "hata ungesahau, ile chaja ya zamani isingeingia. Kazi ya dakika tano. Niliona uvivu kuchemsha chombo cha kulehemu."

"Lakini mimi..."

"Nipe chai ya barafu, dada."

Basi nikampa chai. Ndivyo nilivyomlipa mtu aliyenisitiri.

Halafu, wiki ya mwisho kabla ya siku ya mia, Ngà mwenyewe alipita na kitu kimefungwa kwenye taulo, akaingia kwa Khiết. Mimi nilijipa kazi ya kumwaga maji jirani na mlango ule.

"Kaka, kitengeneze," Ngà alisema. "Nataka siku ya mia kiwe mbele ya picha yake."

"Kwa rangi tu, au..."

"Kitembee. Kitembee kama zamani, kabla hakijabadilishwa."

Mwanamke wa duka la karatasi alikuwa ameshampelekea nyumba ya karatasi, simu ya karatasi, hata kreni ya karatasi, za kumchomea marehemu azipate huko aliko. Ngà alimrudisha nazo. "Mimi sichomi kitu," alimwambia. "Moto wa nyumba hii umetosha." Hata udi hakuwasha. Aliweka ule wa umeme, wenye vitaa vyekundu nchani.

Sasa asubuhi ile, Cang aliposimama mezani kwangu na karatasi yake, nikamwambia hilo: "Cang, Ngà ndiye aliyempelekea. Kwa mkono wake. Ukikipiga teke, umepiga kitu chake."

Akanitazama. "Unasema kweli?"

"Lini nimekosea habari?"

Alikunja karatasi. "Sawa. Aje nacho. Lakini wakishakula tu, mwenye nyumba anapewa hii. Ukiwa umenawa mikono, nitafute."

Chakula cha siku ya mia nilipika mimi. Ngà alitaka kisicho na nyama: karela chungu zilizojazwa tofu, ile jibini ya soya, kwenye supu, tofu iliyokaushwa na mchaichai, uyoga, wali. Siku ya mia kwetu ndiyo siku ya kuacha kulia. Baada ya hapo mtu akilia, analia peke yake. Saa sita mikeka ilikuwa imetandikwa sebuleni, mbele ya ukuta ambao wameupaka chokaa mara tatu na bado unaonyesha weusi, na meza mbili nje. Mwenye nyumba wa Khiết alikuwa ameketi karibu na picha. Cang alikuwa mlangoni anapokea wageni, karatasi ikionekana pembe yake kwenye mfuko wa shati. Mimi nilifika na sufuria la supu mikononi, linaunguza hata kwa matambara, na kabla sijapita nikasikia watu nyuma yangu wananong'onezana.

Khiết alikuwa anakuja, amevaa shati lililopigwa pasi. Mkono wa kulia amekumbatia kifaru. Kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, mfuko wa plastiki umefungwa fundo.

Nusu ya watu waliuona ule mfuko wakageuza uso. Cang akasema kwa sauti ya chini, "Amekuja nao. Mungu wangu, amekuja nao tena."

Khiết hakupita kizingiti. Aliinama, akakiweka kifaru sakafuni, akatoa rimoti. Kikaanza kutembea. Giaboksi zilikuwa za plastiki tena, zikalia ule mlio wa mbu ambao tulikuwa tumeusahau. Kikapita katikati ya mikeka, watu wakavuta miguu, mpaka chini ya meza ya picha. Kikasimama. Mnara ukazunguka polepole, ukasita, ukarudi.

Ngà aliziba mdomo kwa kiganja. Hakulia. Alikaa hivyo mpaka mnara uliposimama, halafu akaja mlangoni.

"Na huo?"

"Ni vilivyotoka, shemeji," Khiết akasema, akafungua fundo. Akavitaja vyote. "Hizi ni giaboksi za chuma. Minyororo ya chuma. Huu ubavu ulioyeyuka, vipande viwili. Waya. Betri niliyoweka sasa ni ya aina ya zamani, na plagi nimebadilisha. Haiingii chaja nyingine yoyote. Nimejaribu kwa nguvu, haiingii."

Ngà alitazama ndani ya mfuko.

"Huwa unasema hivi kila mara," akasema. "Mume wangu alikuwa akikuigiza nyumbani. Hiki kimelika, hiki kimeungua. Kaka Khiết, siku mia nimejiuliza. Siku ile hukumwambia?"

Watu waliacha kutafuna. Mwenye nyumba alinyoosha shingo. Khiết alitazama sakafu, na mimi nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo.

"Sikumwambia," akasema.

"Mmesikia!" Cang akapaza sauti, na mkono tayari uko kwenye karatasi. "Kwa mdomo wake mwenyewe! Mmesikia wote!"

Sufuria lilikuwa linaniunguza. Ningeweza kuingia, kuliweka chini, kuanza kupakua. Watu wangeniambia asante dada Sáu, jioni wangekuja mezani kwangu kuniuliza nini kilitokea, na mimi ningewasimulia, na ningesimulia vizuri.

"Hakukuwepo," nikasema.

"Nani?" Cang akauliza.

"Khiết. Siku ile alikwenda kupimwa macho. Mfuko aliniachia mimi. Akaniambia nimwambie Thoại chaja ya zamani atupe. Nikasema sitasahau." Sauti yangu niliisikia nyembamba kama ya mtu mwingine. "Nilimpa mfuko. Neno sikumpa."

Mimi nimeishi miaka hamsini na minne katika kichochoro kile na sijawahi kukisikia kimya namna ile mchana.

Ngà alinigeukia. Hakupandisha sauti.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Wakati gani?"

"Ulipompa mfuko. Mlikuwa mnaongea nini?"

"Harusi," nikasema. "Ya nyumba ya kumi na mbili. Yule nguruwe."

Aliinamisha kichwa taratibu, kama mtu anayeonyeshwa kitu alichokuwa akikitafuta chini ya kitanda.

"Alirudi anacheka," akasema. "Nikamuuliza nini. Akanisimulia kichwa kilivyoanguka, kilivyooshwa kwa soda, uso wa mama mkwe. Akaniigizia. Kila neno lako alinifikishia, dada Sáu. Hata moja hakuliacha."

Cang aliitoa ile karatasi, akaitazama, akanitazama mimi, akaikunja akairudisha mfukoni. Halafu akaja akalishika sufuria. Nilidhani ananisaidia. Alilichukua mikononi mwangu bila kunitazama usoni, matambara yangu na yote, akaingia nalo ndani. Watu walikuwa wamejaa sebuleni, wanasogeleana, wanapeana bakuli, na mimi nilibaki kwenye jua na viganja vyekundu.

Ngà aliuchukua ule mfuko wa vipuri kwenye kidole cha Khiết, akaufunga fundo tena yeye mwenyewe, akasogea pembeni ya mlango kumwachia njia.

"Kaka Khiết," akasema, "vua viatu, ingia ule. Supu inapoa."